Uingereza Ilipotoka Ulaya, Ua Letu Lilitozwa Ushuru



Wengi wenu mlioko Kipsongo, mnaotoka alfajiri kwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya maua, mmetuuliza kwa nini gazeti la chama lijishughulishe na ugomvi wa Wazungu na Wazungu wenzao. Jawabu letu ni kwamba ugomvi huo umekwisha kufika katika sanduku la maua mnalolifunga kwa mikono yenu.

Uingereza ilipiga kura mwaka 2016 kuuacha Umoja wa Ulaya, ikatoka tarehe 31 Januari 2020. Zamani ua la Kenya likiuzwa katika mnada wa Aalsmeer, kule Uholanzi, lilivuka bahari mpaka London bila ushuru, maana lilikuwa soko moja. Serikali yetu iliona hatari mapema, na tarehe 8 Desemba 2020 ikatia sahihi mapatano yake yenyewe na Uingereza. Ua likaruhusiwa kuingia bure, lakini lile linalokwenda moja kwa moja. Lililopitia mnadani Uholanzi, hata kama lilikatwa shamba lile lile asubuhi ile ile, lilitozwa 8 kwa mia. Aliyehama nyumba ni mwingine, anayelipa kodi ni mwingine!

Wazee wa kazi hii hawakushangaa. Mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zilichelewa kukubaliana na Ulaya kabla ya tarehe 1 Oktoba, na maua ya Kenya yakalipishwa ushuru karibu miezi mitatu. Uganda na Tanzania hazikuguswa, kwa kuwa zimehesabiwa miongoni mwa nchi maskini zaidi. Sisi hatumo katika hesabu hiyo, ingawa ukipita Kipsongo siku ya mvua utadhani waliohesabu hawakufika huku.

Basi Aprili 2024 Uingereza ilitangaza kuusimamisha ushuru ule wa 8 kwa mia kwa miaka miwili, mpaka Juni 2026. Na tarehe 1 Julai 2024 mapatano ya Kenya na Umoja wa Ulaya yakaanza kazi. Twafurahi. Lakini twauliza: ushuru ukipanda, kibarua ndiye wa kwanza kuambiwa arudi nyumbani; ukishuka, je, huitwa nani kugawana?

Kwa hiyo wajumbe wetu watakapokaa na waajiri juu ya mishahara, waulize kwanza ni maua kiasi gani yanayopita Uholanzi, na nafuu ya ushuru imekwenda mfuko gani. Wasikubali kuambiwa kwamba hayo ni siri ya biashara. Na Serikali itakapokwenda tena London au Brussels kuzungumza habari ya maua, twataka mjumbe wa wafanya kazi awemo, akae mezani, wala asingojeshwe mlangoni.