Siumwi, Natembea

Jumamosi iliyopita, katika kikao cha harusi kwenye baa moja ya Tabata, mwenyekiti wa kamati alifika kwenye jina langu katika daftari la ahadi. Akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye mkanda, kisha akawageukia wajumbe: "Huyu ndugu yetu tusimkamue sana. Mmeona alivyokwisha? Hela ya matibabu kwanza." Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi hakucheka. Alinisogezea sahani yake ya kuku akaninong'oneza, "Kula, baba. Mungu mkubwa."

Kwa taarifa ya mwenyekiti na wajumbe wake: siumwi. Sijafukuzwa kazi, ndoa yangu ipo, na hakuna aliyeniroga. Nimepungua kilo tisa kwa sababu natembea saa nzima kila alfajiri, nimeacha sukari kwenye chai, na soda, keki na kashata nimezipunguza mpaka zimebaki za sikukuu. Basi. Siri nyingine sina, na ningekuwa nayo ningeiuza, maana wauzaji wa majani ya kukata tumbo naona wanainua ghorofa.

Utani nauweza, nimekulia kwenye utani. Nisichokiweza ni imani iliyojificha ndani yake: kwamba mtu akinenepa amefanikiwa, na akipungua ameharibikiwa. Tumeijengea msamiati kabisa. Aliyenenepa amenawiri, maisha yamemkubali, mkewe anamtunza. Aliyepungua amekwisha, amechakaa, kuna kitu kinamla. Hata neno lenyewe "umepungua" tunalitamka kwa sauti ya kwenye tanga, tukiwa tumeinamisha kichwa upande.

Na mimi hii ni mara yangu ya pili. Mwaka 2022 daktari alinipima presha, akasoma 160 kwa 100, akaniuliza kama nina watoto wadogo. Nikaelewa. Nilitembea, nikajinyima vya utamu, nikashuka kilo 11. Mwaka na nusu baadaye nilikuwa nimezirudisha zote na mbili za nyongeza. Watu wanaijua tafsiri yake: hakuwa na nia, alijinyima akachoka. Nia nilikuwa nayo. Kilo zangu zilirudishwa na ninyi, kwa huruma zenu, na majina ninayo.

Dada yangu mkubwa alipanda basi kutoka Morogoro akiwa na kuku wawili wa kienyeji na dumu la asali, akakaa kwangu wiki mbili akinisimamia mezani kama mtahini. Mama mkwe alinitilia vijiko vinne vya sukari kwenye chai bila kuniuliza, akisema chai kavu ni ya wagonjwa, na yeye nyumbani kwake hana mgonjwa. Kazini, kila aliyekuwa na sikukuu ya kuzaliwa alinikatia kipande cha pili cha keki. Ningefanyaje? Kwetu kukataa chakula cha mwenyeji ni kumtukana. Unaweza kumkatalia mkopo akakusamehe, lakini andazi lake ukilikataa anakuwekea kinyongo mpaka msiba ujao. Nikala. Nilikula kwa adabu, nikanenepa kwa adabu, na kila kilo iliyorudi ilipokewa kwa shangwe: "Sasa umerudi! Umekuwa mtu!"

Aliyetabiri yote haya ni fundi cherehani wangu wa Buguruni. Mwaka ule nilimpelekea suruali nne azipunguze kiunoni. Hakukata kitambaa. Alikunja ndani vidole viwili akashona juu yake. Nilipomuuliza akasema, bila kuinua macho, "Naacha akiba, bosi. Huwa mnarudi." Nilirudi. Akafumua, akaachia vidole viwili, akadai elfu tatu kwa kila suruali, na hakusema neno. Yule bwana ameielewa jamii hii kuliko wataalamu wengi wanaoalikwa redioni.

Nakubali kwamba mwili wenyewe nao ni mshirika wa njama. Huko Marekani kulikuwa na mashindano ya televisheni ya kupunguza uzito, The Biggest Loser. Mtafiti Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia washiriki 14 kwa miaka sita, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Kwa wastani walikuwa wamepoteza kilo 58 kila mmoja. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudishiwa kama 41. Na miili yao, hata wakiwa wamepumzika, ilikuwa ikichoma kalori 500 hivi pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo lao. Yaani mwili uliopungua haraka hivyo unabana matumizi kama mhasibu aliyeonywa. Sasa mtu anayepigana na mhasibu wa namna hiyo, ninyi mnamletea dumu la asali.

Imani hii, kwamba unene ni mafanikio, imetoka wapi? Sehemu yake ni njaa ya zamani, hilo halina ubishi. Penye njaa, tumbo ni cheti. Lakini sehemu kubwa ni hofu, na hofu hiyo ina tarehe. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera. Watu wa huko waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Upande wa pili wa mpaka, Rakai, waliuita Slim, kwa sababu ulimkausha mtu akabaki mifupa. Kizazi cha wazazi wetu kilijifunza kusoma kifo kwenye mashavu. Siwalaumu. Walizika wengi mno.

Lakini tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure nchini. Miaka zaidi ya ishirini! Anayezitumia vizuri ananawiri, anacheza mpira, anagombea udiwani. Kile kipimo chenu cha macho, cha kumwangalia mtu mashavu na kumpa majibu, kilikufa siku dawa zilipofika, na ninyi mpaka leo mnazunguka nacho vikaoni. Aliyepungua bila kujua sababu aende hospitali, na aende leo: kifua kikuu kinakondesha, kisukari kinakondesha. Mimi sababu naijua. Nawapita nayo kila siku mbele ya mageti yenu saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Na hapo kwenye mageti ndipo kioja kilipo. Natoka Tabata, nashika Barabara ya Mandela kuelekea Buguruni. Bodaboda wa kwanza: "Mzee, panda, hata kwa buku." Wa pili: "Twende, utanipa kesho." Jirani yangu, mtu mwema sana, alisimamisha gari akashusha kioo: "Yako imeharibika?" Nikamwambia nafanya mazoezi. Jioni ile simu ikalia mlio wa muamala: shilingi elfu kumi kutoka kwake, na ujumbe chini yake, "Kaza moyo ndugu, haya ni mapito." Niliirudisha. Ikaja tena, elfu ishirini. Katika jiji hili mtu mzima anayetembea kwa miguu ni mtu aliyefilisika, na akivaa raba ndiyo kabisa, anajikaza mbele za watu.

Barabara yenyewe iko upande wenu. Mahali pa watembea kwa miguu pameegeshwa magari. Palipokosa magari pana meza za chipsi, na palipokosa meza panapita bodaboda wanaopiga honi ili wewe, mwenye njia, uwapishe. Malori ya bandarini yanakupumulia moshi sikioni. Tulijenga barabara hizi kana kwamba mtoto wa Kitanzania huzaliwa na magurudumu. Mwaka 2016 Mama Samia, wakati ule akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na vigogo wakatembea na fulana zao mbele ya kamera. Jambo jema. Ila mimi si kigogo, natembea Jumatatu, na polisi wa kunisimamishia magari sina.

Nirudi kwenye sukari, maana hapo ndipo ninapopata maadui. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa ni gramu nne. Cha kwetu ni kilima, lakini tuseme nne. Vijiko 12, gramu 48 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 17 na nusu. Mfuko wa kilo 25 nilikuwa naumaliza ndani ya mwaka na nusu, peke yangu, kwenye chai tu! Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vizuri mtu mzima asizidi gramu 25 hivi kwa siku, vijiko sita, na hapo wamejumlisha soda, keki na juisi. Soda moja ya chupa ya mililita 350 ina gramu kama 37. Ukiinywa umeshavuka, na bado hujagusa chai.

Saa nzima ya kutembea, kwa mtu wa uzito wangu, inachoma kalori mia tatu hivi. Soda mbili zinazirudisha zote kabla mwenyekiti hajamaliza kufungua kikao. Ndiyo maana nawashangaa wale vijana wa joging klabu mtaani kwetu. Jumapili wanakimbia kwa nyimbo na vuvuzela, wanatuamsha sote, kisha wanaishia kwenye banda la supu na chapati tatu tatu na soda baridi ya kushushia. Wanatoka nyumbani na kitambi na wanakirudisha nyumbani kikiwa kimetoka jasho.

Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, bei ikapita shilingi elfu nne kwa kilo? Nchi ilinuna. Watu walipanga foleni kama za kupiga kura. Kwangu ndipo kilo zilipoanza kushuka tena. Mke wangu alitangaza kwamba hanunui sukari kwa bei ya nyama, tukanywa chai kavu kwa hasira wiki ya kwanza, kwa mazoea wiki ya tatu, na sukari iliporudi madukani mimi nikaionja nikaona chai yangu imegeuka sharubati. Nawashukuru walioisababisha adha ile, hata wawe akina nani, ingawa najua hawakuwa wakinifikiria mimi.

Nikilisema hili la sukari kikaoni, hapakosi mtu wa kuninyooshea kidole: "Babu yangu alikunywa chai ya vijiko vitano mpaka miaka tisini." Huyu babu! Kila ukoo unaye mmoja, na wote wana miaka tisini. Hebu tumwangalie. Babu yako alikwenda shambani kwa miguu, akarudi kwa miguu, akaenda mnadani kwa miguu, akamfuata bibi yako kijiji cha pili kwa miguu. Sukari aliiona kila baada ya mauzo ya pamba, ikiwa imefungwa kwenye karatasi kama dawa. Na nionyeshe picha yake, ile ya pekee iliyo sebuleni. Unaona kitambi? Babu yako alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Angekuja leo kwenye kikao chetu, mwenyekiti angempunguzia ahadi akamwagizia supu.

Wanaosema haya ni mambo ya watu wa Masaki wasome takwimu za utafiti wa afya wa kitaifa: wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, mwaka 2015-16 walifika 28. Hao wote hawakai Masaki. Wengi wao tunawaambia wamependeza, na wakienda kliniki ya presha tunawapa pole.

Suruali ile niliyoivaa kikaoni ni mojawapo ya zile nne. Fundi ameipunguza tena, na nimeigeuza ndani nikaiona: vidole viwili vya kitambaa vipo, vimekunjwa vile vile, vinawasubiri ninyi.

Mwenyekiti, ahadi yangu usiiguse. Iandike laki mbili, kama ya enzi zile nilipokuwa bonge. Nitaileta mwenyewe Jumamosi, kwa miguu, na nikifika naomba maji.