Mishahara ya Wakubwa Twaijua, Mali Zao Je?

Hivi majuzi niliwasindikiza wanafunzi wangu kutoka Embu kwenda Meru kwa mashindano ya uigizaji. Gari lilipita Runyenjes, likateremka na kupanda mabonde ya Chuka, na kabla hatujafika Nkubu watoto walikuwa wamechoka kuimba, wakawa wanatazama nje. Barabara hiyo ni ya majani chai, kahawa na migomba. Aidha ni barabara ya majumba. Baada ya vibanda kadhaa vya mabati huchomoza jumba la ghorofa, ua wa mawe, lango la chuma na mlinzi.

Mwanafunzi mmoja akaniuliza: “Mwalimu, mwenye nyumba ile anafanya kazi gani?” Mwenzake, aliyeonekana kuzijua habari za mahali hapo, akamjibu kwamba ni mtumishi wa serikali. Yule wa kwanza akanigeukia tena: “Na wewe, Mwalimu, si pia ni mtumishi wa serikali?” Gari zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini swali lile limekataa kunitoka kichwani.

Simjui mwenye jumba lile, wala sina haki ya kumshuku. Huenda alirithi shamba la chai, huenda mkewe ni mfanyabiashara hodari, huenda amekopa benki na atalipa hadi uzeeni. Hoja yangu si kwamba kila mwenye nyumba nzuri ni mwizi. La hasha! Hoja yangu ni kwamba mtoto yule aliuliza jambo ambalo sisi watu wazima wa Meru na Embu tumejizoeza kutoliuliza, na kwamba ukimya wetu ndio kivuli ambamo ufisadi umekuwa ukipumzika.

Tuanze na hesabu, maadamu wasomaji wa ukurasa huu wengi ni walimu na wanafunzi. Mishahara ya wakubwa si siri. Tume ya Mishahara na Marupurupu huitangaza katika Gazeti rasmi la Serikali. Kwa viwango vya mwaka 2017, waziri alitengewa shilingi 924,000 kwa mwezi, na gavana hivyo hivyo. Viwango hivyo vimekuwa vikipandishwa tangu hapo, lakini tuvitumie kwa mfano. Zidisha kwa miezi 12, kisha kwa miaka 5 ya kipindi kimoja. Utapata shilingi 55,440,000. Ondoa kodi ya mapato kwa kadirio la asilimia 30, zitabaki kama milioni 39. Hizo ni fedha nyingi mno machoni pa mwalimu, wala sizidharau. Lakini ni za mtu ambaye kwa miaka 5 hakula, hakuvaa, hakusomesha mtoto, wala hakumzika jamaa yake.

Niliwapa wanafunzi hesabu hiyo tulipokuwa tukirejea. Kisha nikawaambia wafikirie mkubwa wa kubuni, asiye na urithi wala biashara, ambaye katika muda huo amejenga majumba mawili, akanunua magari manne, akapeleka watoto kusoma ng’ambo, na kila Jumamosi akatoa mchango mnono. Hawakuhitaji kikokotoo. Hesabu ilikataa, wakaiona ikikataa.

Kwa nini basi hesabu ambayo watoto wanaiweza imelishinda taifa kwa zaidi ya nusu karne? Jibu linahitaji historia kidogo.

Mwaka 1967 majirani zetu wa Tanzania walipitisha Azimio la Arusha, ambalo lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni au kupangisha nyumba. Sisi tulishika njia nyingine. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, ambaye wakati huo alikuwa Gavana wa Benki Kuu, ilipendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara, mradi biashara hizo zisigongane na kazi yao. Sababu yake ilikuwa na mashiko: uchumi ulikuwa mikononi mwa wageni, na Waafrika wenye elimu na mitaji walikuwa wachache, wengi wao wakiwa serikalini. Lakini ruhusa ilishikwa kwa mikono miwili, na sharti likaachwa njiani. Afisa aliyetoa leseni akawa pia mwomba leseni, na aliyegawa zabuni akawa na jamaa mwenye kampuni.

Nisije nikadhaniwa kwamba naisifu Tanzania kupita kiasi. Huko nako masharti yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la 1991, na mwaka 1995 ikatungwa sheria ya maadili inayomtaka kiongozi atangaze mali yake. Kenya ilifikia hapo mwaka 2003 kwa Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma, wakati Wizara ya Haki na Masuala ya Katiba ilipokuwa chini ya Kiraitu Murungi, mwana wa Meru ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wake. Aliyekataza na aliyeruhusu, wote wawili walifika kwenye kitu kimoja: fomu.

Fomu hiyo naijua vizuri, kwani hata mwalimu huijaza kila baada ya miaka 2 kwa ajili ya Tume ya Kuwaajiri Walimu. Huandika mshahara wangu, robo ekari ya kahawa, ng’ombe mmoja wa maziwa, na kwenye sehemu ya madeni, mkopo wa chama cha akiba na mikopo ambao ni mrefu kuliko orodha ya mali. Katibu wa wizara naye hujaza yake. Tofauti ni kwamba yangu hata jirani angeweza kunijazia bila kuniuliza, kwa kuwa ng’ombe wangu anamwona. Ya mkubwa ilifungiwa kabatini, na chini ya sheria ile ya 2003 ilikuwa siri. Marekebisho ya baadaye yalifungua mlango kidogo kwa mwenye sababu ya kuridhisha, lakini mwananchi wa kawaida hakuupita. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, lakini tumeliandika ili lisisomwe.

Haikosi kwamba sheria zina meno zikiamua kuuma. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, katika kifungu chake cha 55, inairuhusu tume husika kumpeleka mahakamani mtu anayeshukiwa kwa ufisadi, ambaye mali yake inapita kipato chake kinachojulikana, na akishindwa kuieleza atatakiwa kuilipa serikali. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha uamuzi dhidi ya aliyekuwa meneja wa fedha wa shirika moja la umma la maji, aliyetakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 41. Haikulazimu kwanza ahukumiwe kwa wizi wa shilingi fulani siku fulani. Ilitosha kwamba hesabu ilikataa na hakuweza kuieleza. Lakini kesi hiyo ilianza mwaka 2008. Ikiwa mali ya mtu mmoja huchukua zaidi ya miaka 10, ya mamia itachukua karne ngapi?

Ahadi nazo hazijakosekana. Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba maisha ya watumishi wa umma yatakaguliwa, akaahidi kuwa yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza. Mwaka 2024 vijana walipofurika barabarani kupinga Mswada wa Fedha, hasira yao ilichochewa pia na saa za bei ya ajabu, viatu na magari ambayo wanasiasa walikuwa wakiyaonyesha hadharani. Rais William Ruto alikiri kwamba majivuno hayo yamewaudhi wananchi, na Julai mwaka huo akawakataza maafisa wa serikali kushiriki harambee. Mwaka 2025 akatia sahihi Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Sheria mpya ni heri. Lakini sharti la 1971 lilikuwepo, fomu ya 2003 ilikuwepo, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 73, imesema wazi kwamba mamlaka ya afisa wa serikali ni amana ya wananchi. Hatukukosa maandishi. Tulikosa wasomaji.

Na hapa, walimu wenzangu, sina budi kutunyoshea kidole sisi wenyewe.

Nani humwalika mgeni wa heshima siku ya kutoa zawadi? Ni sisi. Tunamchagua kwa kipimo gani? Naikumbuka harambee ya maabara katika shule moja niliyofundisha. Palikuwa na wageni wawili. Mmoja alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, aliyewafundisha nusu ya wazazi waliokuwepo. Aliketi safu ya tatu, akatoa shilingi 2,000 alizozikunja vizuri ndani ya bahasha. Mwingine alikuwa afisa wa cheo kikubwa kutoka Nairobi. Aliwasili akiwa amechelewa saa tatu, akatoa mfuko wa noti, na uwanja ukatetemeka kwa vigelegele. Mshahara wake ulijulikana. Hakuna aliyezidisha wala kutoa, nami nikiwemo. Niliketi karibu na meza ya kuhesabia fedha, nikapiga makofi kama wengine.

Mwanafunzi aliyesimama pale alijifunza nini? Somo la uraia la mwaka mzima lilifutwa kwa dakika tano. Alijifunza kwamba safu ya mbele huketi mwenye fedha, na kwamba swali la zilikotoka ni utovu wa adabu. Kesho akipata cheo, akirudi nyumbani Igembe, Imenti au Mbeere na mshahara wake halali tu, watu wake watamcheka: “Amekaa serikalini miaka yote hiyo, ana nini?” Shinikizo hilo ni letu. Tunamtuma mtoto akatuletee, kisha tunashangaa ameiba.

Haikuwa hivi sikuzote, wala kwa watu wote. Jeremiah Nyagah, mwana wa Embu, alikuwa mwalimu kabla hajaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958. Alidumu bungeni hadi 1992, akawa waziri chini ya Mzee Kenyatta na chini ya Moi. Alifariki mwaka 2008. Hakuwa fukara, na sina haja ya kumfanya mtakatifu. Lakini wazee wa huku wanapomtaja huanza na unyofu wake na kazi yake katika skauti. Sijasikia wakianza na nyumba yake.

Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango ambao Rais aliutoa katika kanisa moja la Soweto. Wengine walimwona mkali. Mimi niliona kwamba jambo hilo linawezekana. Ikiwa kanisa laweza kurudisha fedha za mtu mkubwa kuliko wote nchini, bodi ya shule haishindwi kumuuliza mgeni wake swali dogo kabla ya kupokea bahasha, au kumwalika mtu mwingine kabisa.

Serikali ina wajibu wake: fomu za wenye vyeo vya juu zifunguliwe, na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ipewe wachunguzi wa kutosha kuzilinganisha na mali zinazoonekana. Mkubwa aliyepata chake kwa haki atakuwa wa kwanza kunufaika, kwa kuwa hati za urithi, mkopo na biashara zitamsafisha mbele ya majirani. Lakini hatuwezi kuisubiri serikali ijikague huku sisi tukiendelea kuipigia makofi isiyokaguliwa.

Mwaka huu shule yetu itatoa zawadi tena. Nimewasilisha jina la yule mwalimu mkuu mstaafu awe mgeni wa heshima. Mjumbe mmoja wa kamati ameshaniuliza ataleta kiasi gani. Nimemjibu kwamba ataleta bahasha yake ya 2,000, na kwamba kila shilingi iliyomo twajua ilikotoka.