Kabla ya Kuuza Ngamia wa Mayatima, Fungua Chujio



Wapenzi wasomaji, juma hili safu yetu inajibu barua ya dada yetu mmoja wa Garissa. Mumewe alifariki akamwachia watoto wanne, ngamia wachache, na pikapu ya zamani aina ya Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L. Pikapu hiyo hubeba maziwa ya ngamia alfajiri kutoka maboma ya wafugaji hadi sokoni mjini, na mara moja kwa juma hupanda hadi Mwingi kuleta pojo na mboga. Sasa imepungukiwa nguvu na inatoa moshi mweusi. Maziwa yanafika jua limekwisha kuwa kali, nayo yameharibika. Fundi aliyeitazama amesema injini imekufa, inunuliwe nyingine. Shemeji zake wanashauri ngamia wawili wauzwe. Anauliza: je, inafaa?

Upande wa sheria, jawabu ni fupi. Ngamia hao wana fungu la mayatima ndani yake, na msimamizi wa mali ya yatima hauzi kwa kudhania. Huuza pale haja inapothibiti. Basi swali lote linarejea kwenye injini: je, imethibiti kuwa imekufa? Kabla ya kuandika nimewauliza mafundi wawili wa dizeli niwaaminio. Kwa dalili ulizozitaja, dada yangu, jawabu lao ni kwamba bado haijathibiti.

Wewe mwenyewe umeandika kwamba gari huwaka asubuhi kwa mara ya kwanza tu, na kwamba oili haipungui. Hayo ni mambo makubwa. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Huibana hewa ndani ya silinda zaidi ya mara 20, hewa ikawa moto sana, kisha dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Injini iliyochakaa pistoni na ringi haiwezi kuibana hewa vyema. Kwa hiyo kuwaka kwake asubuhi huwa ni kwa taabu, na oili yake huliwa. Yako haina dalili hizo. Ni haki kuitafutia sababu nyingine kabla ya kuizika.

Tuanze na moshi, maana rangi yake ni ushahidi. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa: ama hewa haiingii ya kutosha, ama dizeli inamiminika kupita kiasi. Moshi mweupe ni dizeli isiyoungua, au ni maji yanayoingia ndani ya silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Gari likikosa nguvu bila moshi wowote, aghlabu dizeli yenyewe haifiki.

Wa kwako ni mweusi, basi kagua hewa kwanza. Nchi ya Garissa ni ya vumbi, na njia za mabomani ni za mchanga mtupu. Mwambie dereva afungue kasha la chujio la hewa mbele yako. Litazame: mulika taa kwa ndani, uone kama mwanga unatokeza nje. Ikiwa hautokezi, injini inapumua kupitia blanketi. Chujio jipya ni gharama ndogo mno ukiilinganisha na thamani ya ngamia. Wako wanaolipiga hewa ya kompresa kila mara. Kama ni lazima, hewa ipulizwe kwa nguvu ndogo kutoka ndani kwenda nje, na likichanika lisirudishwe. Kisha ufuatwe mpira unaotoka kwenye kasha kwenda injini. Ukiwa umebonyea ndani, unaiziba hewa. Ukiwa umepasuka, unaingiza vumbi lisilochujwa, na vumbi hilo ndilo litakaloziua ringi kweli.

Hewa ikiwa safi na moshi ukabaki, zitazamwe nozeli. Kazi ya nozeli ni kunyunyiza dizeli kama ukungu; ikichakaa huitonesha matone, nayo yakatoka moshi mweusi. Hazikisiwi kwa macho. Hufunguliwa zote nne, zikapelekwa kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kuzipimia, na wewe au mwanao asimame aone. Msiguse mabomba yake injini ikiwa inanguruma, kwani dizeli hutoka kwa shindo linaloweza kupenya ngozi. Baada ya nozeli ndipo apimiwe mpangilio wa pampu, na mkanda wa injini utazamwe, maana ukiruka hata jino moja nguvu hupotea. Mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hakuna ajuaye ulibadilishwa lini, ubadilishwe, kwani ukikatika njiani ndipo injini itakapovunjika kikweli.

Tusisahau dizeli yenyewe. Chini ya chujio la dizeli pana skrubu ya kutolea maji. Asubuhi, kabla gari halijawashwa, dereva amwage kidogo ndani ya chupa ya kioo. Maji yakiwamo yatakaa chini na dizeli juu. Iliyonunuliwa kwa mitungi kando ya njia ina hatari zaidi, kwa maji na kwa kuchanganywa na mafuta ya taa. Uovu huo ulienea hadi Serikali ya Kenya ikaweka, mwaka 2018, tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya kuyachanganya ipungue. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli, na hatimaye huzila. Kughushi bidhaa ni haramu kwa muuzaji. Na mnunuzi naye anunue mahali panapojulikana, hata kama bei imezidi kidogo.

Yako pia mambo yasiyo ya injini kabisa. Pikapu hii imeundwa kubeba takriban tani moja. Ikipakiwa tani mbili za pojo itatoa moshi mweusi hata ikiwa mpya. Breki ikishika, gari huvutwa nyuma: baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na kila gurudumu, na moja likiwa na joto kuliko mengine, hapo pana kisa. Klachi ikiteleza, injini hunguruma kwa nguvu na gari lisiende. Kumbuka pia kuwa Garissa iko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na Mwingi ni karibu mita 1,000. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo ya kusukuma hewa hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Udhaifu mdogo kwenye mpando huo ni wa kawaida, usihesabiwe ugonjwa.

Kwa wasomaji wengine wenye magari ya namna hii, moshi mweupe wa dakika chache asubuhi hauna neno. Ukiendelea, na maji ya rejeta yakawa yanapungua, au oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, gari lisimame hapo hapo. Yamkini gasketi ya hedi imeungua. Wala kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto, maana maji yake huunguza uso na macho. Na moshi wa buluu usiokoma, pamoja na mvuke unaopuliza kwa nguvu kifuniko cha oili kikifunguliwa, hiyo ndiyo dalili ya ringi kuchakaa.

Sasa, dada yangu, kuhusu fundi. Usimtuhumu, huenda amesema kwa kadiri ya aonavyo. Lakini mdai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Mwambie kwa upole: “Fundi, naomba unipimie mbano wa silinda zote nne, mbele ya shemeji yangu, tuandike hesabu zake.” Kipimo kiwe cha dizeli, kwani cha petroli hakihimili mbano wake. Silinda zote zikikaribiana na zikawa katika kiwango cha mtengenezaji, injini haijafa, na ngamia hawauzwi. Moja au mbili zikianguka mbali na nyenzake, hapo haja imeanza kuthibiti. Uliza tena kama ni kutengeneza au kununua, na upate bei ya gereji mbili. Ukinunua injini iliyotumika, nayo ipimwe vivyo hivyo kabla ya kulipa, usije ukabadilisha mgonjwa kwa mgonjwa.

Kila senti iandikwe kwenye daftari la mayatima: chujio, nozeli, ujira wa fundi, na risiti zake ziwekwe. Siku watakapobaleghe na kukabidhiwa chao, daftari hilo litakuondolea dhana na kuwaondolea shemeji zako maneno.

Basi utaratibu ni huu: chujio la hewa na mpira wake, maji katika dizeli, mzigo na breki, nozeli, pampu na mkanda, kisha kipimo cha mbano. Mwenye kufuata daraja hizi hutumia kidogo kabla ya kingi. Waambie shemeji zako wasubiri hadi kipimo kipatikane. Siku chache za subira hazitawadhuru ngamia.

Allah akubariki katika riziki yako, na akulelee watoto wako katika kheri. Wabillahi tawfiq.