Kaza, kaza, mpaka lini?

Jamani, nani aliwadanganya mafundi kwamba kukaza springi ya shokomzoba huifanya iwe ngumu? Springi ni ile ile! Unainua kiti tu. Watu wananunua shokomzoba kwa bei ya ng'ombe, halafu fundi anakaza kwa kubahatisha. (Sisi wa programu tungefukuzwa kazi.)

Pima, ndugu yangu. Inua pikipiki gurudumu la nyuma lining'inie, pima kwa tepu kutoka ekseli hadi fremu. Ishushe, ukae na abiria na mabegi yote ya safari, upime tena. Ikizama zaidi ya theluthi ya mwendo wake hata baada ya kukazwa, springi ni laini mno: badilisha. Skrubu ya kurudi ndiyo ya mwisho. Ikiachwa wazi mno, tuta litamrusha abiria wako.