Tusiwakimbize Ndege wa Mbuchi

Likizo hii baadhi yetu tulikuwa Mbuchi, ndani ya delta ya Rufiji, na simu zetu zimerudi zimejaa picha za ndege. Tukiri: nyingi ni za migongo na mikia, maana tuliwakimbiza.

Maji yakipwa, yangeyange na sululu hushuka kwenye tope mbele ya mikoko kutafuta chakula. Wana saa chache tu kabla maji hayajajaa tena. Kila tunapowarusha ili tupate picha, tunawakatizia mlo. Na sululu wanaobaki hapa mwezi Juni wengi ni wachanga. Wakubwa wamekwenda kutaga kaskazini, hadi Urusi.

Tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu. Lakini nani atamzuia kijana mwenye simu?

Tunaona ni heri kutulia mtumbwini na kumngoja ndege asogee mwenyewe, na kiota tusikikaribie kabisa. Mvuvi aliyetuvusha hufanya hivyo siku zote, na kwa majina ya ndege alituzidi mbali (alitucheka pia). Likizo ijayo tutamwendea na daftari.