Tahariri: Dole Gumba Si Kura

Tangu toleo lililopita liwafikie, simu ya mhariri haijatulia. Makala ya kijana wetu wa Kahama, ile ya safari, sinema, dini na siasa, imewaamsha watu ambao hatujasikia sauti zao tangu mchango wa msiba wa mwisho. Kuamka ni jambo jema. Lakini hakuna aliyeleta barua kwa mhariri. Kilicholetwa ni pendekezo la kubadili katiba ya jumuiya yetu ya watu wa Shinyanga na Geita hapa Uingereza, likatupwa kwenye grupu la WhatsApp Jumapili usiku, na kulipokucha tukatangaziwa kwamba "limepita", kwa kuwa waliobandika dole gumba walikuwa wengi kuliko waliopinga.

Halijapita. Na kabla hatujafika kwenye makala yenyewe, tulimalize kwanza hili la utaratibu. Makala itasahaulika, ila mazoea ya kubadili katiba usiku usiku yakishaingia hayatoki.

Ibara ya marekebisho mnaijua. Ni ile tuliyokesha nayo Leicester baada ya Geita kuwa mkoa mwaka 2012, wakati wapo waliotaka tugawane mpaka masufuria. Ndiyo iliyotubakiza pamoja. Inataka mambo manne: pendekezo liwe la maandishi na lisainiwe na wanachama hai kumi, kila mwanachama hai apelekewe notisi siku 21 kabla ya mkutano, mkutano utimize akidi ya theluthi moja, na marekebisho yapate theluthi mbili ya kura za waliohudhuria. Pendekezo hili halina hata saini moja. Notisi haikutoka. Mkutano haukuitishwa. Na grupu lile, ndugu zangu, lina wajomba walioko Katoro, mashemeji wa Masumbwe, watoto wa shule, na namba moja ambayo mpaka leo Katibu hajui ni ya nani. Wote hao wamepiga kura?

Mwanachama hai, kwa mujibu wa katiba, ni mtu mzima aliyelipa ada ya mwaka angalau siku 14 kabla ya mkutano. Mama Mweka Hazina amepitia daftari lake. Baadhi ya madole yaliyonyanyuliwa kwa bidii ni ya watu ambao ada yao ya mwisho aliipokea enzi za vocha za kukwangua.

Sasa lisomeni pendekezo lenyewe. Linasema jarida lisichapishe "makala yoyote inayogusa dini, siasa, au kuchafua jina la kanda", na kwamba kamati ya watu watatu ndiyo itakayoamua kipi kinagusa na kipi kinachafua. Chukueni toleo lolote la zamani mlipitie kwa kipimo hicho. Tanzia zote zinaondoka, maana hatujawahi kuandika tanzia bila kumtaja Mungu. Salamu za Idi na za Krismasi zinaondoka. Maelezo ya Katibu kuhusu pasipoti na hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania, ambayo nusu yenu mmeyakata na kuyaweka kwenye droo, yanaondoka, kwa sababu hakuna siasa kubwa kuliko ile Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inayomvua uraia mtu mzima akichukua wa nchi nyingine. Kitakachobaki ni ratiba ya vikao na tangazo la michembe, vile viazi vyetu vya kukausha.

Kuhusu hao watu watatu, tukumbushane tu. Sungusungu, wale walinzi wa vijiji, walianzia kwetu, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na waliwakimbiza kweli wezi wa ng'ombe. Lakini wazee wetu wanajua pia yaliyotokea wachache walipoanza kuamua, bila ushahidi na bila rufaa, nani ni mchawi. Jarida halihitaji sungusungu.

Tuje kwa kijana. Wengi waliopiga kelele hawajamsoma, wamesomewa. Aliandika mambo manne, na tutayataja yote ili pasiwe na kisingizio.

Aliandika kwanza safari yake ya nyumbani mwaka jana. Alitoka Mwanza kwenda Geita kwa kupita Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu juu ya Ziwa Victoria, lililofunguliwa Juni 19, 2025. Sisi tuliozoea kusubiri kivuko pale, gari limezimwa, akina mama wakipitisha samaki na karanga dirishani, tulisoma aya ile mara mbili. Alivuka kwa dakika chache, na akaandika kwamba alitamani baba yake angekuwepo. Hapo hakuna aliyelalamika.

Akaandika dini. Ramadhani ya mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikaangukia wiki hiyo hiyo. Kijana yuko zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo, na mwenzake wa zamu ni Mkatoliki wa Ushirombo. Saa ya kufuturu ikifika anatandaza gazeti juu ya boksi, tende upande huu, upande ule michembe aliyotumiwa na bibi yake, na yule wa Kwaresima anachemsha chai. Akaeleza pia kwamba msikitini kila akisema ametoka Tanzania anaulizwa kama ni Mzanzibari, naye anajibu yeye ni Msukuma, na babu yake alifungua duka Shinyanga baada ya reli ya Tabora kufika Mwanza mwaka 1928. Sehemu hii ililalamikiwa na mzee mmoja wa Kiislamu, kwa sababu kijana alikiri kwenda sinema baada ya tarawehe, na pia na mama mmoja wa Kikristo, kwa sababu neno "tarawehe" limeonekana kwenye jarida. Miaka yote tumehangaika kuwaweka wazee wetu hawa meza moja. Wamekubaliana siku ya kumnyamazisha kijana.

Akaandika sinema, na hapa ndipo moto ulipowaka. Aliiona "White Shadow", filamu ya Noaz Deshe ya mwaka 2013 iliyopigwa Tanzania na kupata tuzo Venice mwaka huo huo. Ni habari ya mvulana mwenye ualbino ambaye baba yake anauawa, naye anapelekwa mjini kwa mjomba, akawa machinga wa miwani na simu. Taa zilipowashwa, mfanyakazi mwenzake, Mwingereza, alimuuliza kama kweli mambo yale hutokea kwao. Kijana akajibu: "Ndiyo, kwetu." Kwa maneno hayo mawili anaambiwa ameichafua kanda.

Ndugu zangu, Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino kutoka Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mauaji hayo nchini. Bukombe wakati ule ilikuwa Shinyanga, leo iko Geita. Kwa hiyo hata tukigawana masufuria, kesi ile ni yetu sote. Watoto wenye ualbino waliokimbizwa kutoka vijijini wakahifadhiwa kituo cha Buhangija, pale pale Shinyanga mjini, hawakukimbia filamu. Mwaka 2006 Rais Kikwete alipoikemea hadharani "Darwin's Nightmare", ile ya sangara wa Mwanza, wengi wetu tuliishambulia siku nyingi kabla ya kuiona. Tumerudia yale yale. Nimewauliza waliopiga simu kama wameiona "White Shadow". Hakuna aliyesema ndiyo.

Mwisho akaandika siasa, aya moja. Oktoba 29, 2025 alitamani kupiga kura. Hakuweza, kwa sababu kwetu kura hupigwa kwenye kituo ulichojiandikisha, nyumbani, na hakuna kituo nje ya nchi. Wakenya tunaofanya nao kazi walipiga kura ya rais mwaka 2022 wakiwa hapa hapa Uingereza. Siku hiyo ya Oktoba intaneti ikazimwa nyumbani, naye akakaa siku kadhaa bila kujua hali ya mama yake. Hakusema chama gani ni kizuri. Alisema hakulala. Nani kati yetu alilala? Grupu letu, ambalo halijawahi kupita saa moja bila picha ya maua na "asubuhi njema", lilikuwa na ujumbe wa aina moja tu: kuna aliyempata mtu?

Hayo ndiyo tunayotakiwa kuyapiga marufuku.

Jambo linalotukera zaidi, tuliseme waziwazi, ni kwamba jarida hili limeomba makala za vijana toleo baada ya toleo. Wazazi mnatuambia watoto hawataki Kiswahili, hawaji mikutanoni, hawajui kwao. Amepatikana mmoja, Kiswahili chake kimenyooka, anajua Busisi na Buhangija, anaswali na anafikiri, na zawadi tunayompa ni ibara ya katiba iliyotungwa kwa ajili yake peke yake. Mkutano mkuu uliopita ulikosa akidi. Tulikaa kwenye ukumbi wa kukodi, viti vimepangwa, ajenda zimechapwa, tukihesabiana, na watu wakaanza kuingia baada ya harufu ya pilau kufika kwenye maegesho. Watu haohao leo wana haraka ya katiba.

Jarida halitaziba masikio. Anayeona kijana amekosea kuhusu dini, filamu au kura, ukurasa upo: maneno yasiyozidi 600, jina halisi la mwandishi, kabla ya tarehe 10. Mzee wetu aliyekerwa na sinema ya baada ya tarawehe tunamwomba kwa heshima aandike. Ana hoja, na vijana wanahitaji kuisikia kutoka kwake kuliko kuisikia kwa minong'ono. Na anayetaka kubadili katiba, njia ni moja: aandike pendekezo, akusanye saini kumi, alikabidhi kwa Katibu, na notisi itatoka.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa nane kamili mchana. Tafadhali fanyeni haya. Lipeni ada kwa Mama Mweka Hazina mapema, zile siku 14 zisiwapite. Akifunga daftari hafungui, hata ukilia. Andikeni kwenye malipo jina lililo kwenye orodha, si "Baba Junior", maana akina Baba Junior tunao watatu. Asiyeweza kuja asitume dole, asitume shemeji. Katiba yetu haina kura ya uwakilishi. Njooni na vijana wenu. Aliyefikisha miaka 18 na kulipa ada ana kura sawasawa na mwenyekiti.

Kura itapigwa kwa karatasi, saa nane na nusu. Pilau litapakuliwa baada ya kuhesabu.