Dakika moja ya kusaka vimelea

Na Yusta Ntahondi

Mchezo wa kompyuta unaosaidia utafiti humpa mchezaji kipande cha kazi halisi ya maabara, kikiwa na pointi na mara nyingine saa inayomkimbiza. Unaoigusa Kigoma kwa karibu zaidi ni MalariaSpot, uliotolewa mwaka 2012 na watafiti wa Universidad Politécnica de Madrid, Hispania. Mchezaji huonyeshwa picha ya damu iliyopigwa kwa darubini, kisha ana dakika moja tu ya kubofya kila kimelea cha malaria anachokiona. Mtaalamu wa maabara huifanya hesabu hiyohiyo kwa macho yake, na slaidi moja yaweza kumla nusu saa.

Katika mwezi mmoja wa majaribio, watu wa nchi 95 waliucheza zaidi ya mara 12,000. Asiye na mafunzo hukosea: huruka vimelea, au hubofya chembe nyeupe za damu. Lakini majibu ya michezo 22 juu ya picha ileile yalipounganishwa, hesabu ilikuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa wachezaji walioelekezwa kwa dakika moja, michezo 13 ilitosha. Makosa ya huyu hufutwa na macho ya wale.

Tanzania inaijua njia hii, ingawa bila pointi wala saa. Kuanzia mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walitega kamera 225 Serengeti, na picha zikawa nyingi kupita uwezo wao. Wakaziweka kwenye mtandao. Watu zaidi ya 28,000 waliojisajili, na wengine wengi wasiojisajili, wakatambua nyumbu, fisi na simba. Majibu yao ya pamoja yalilingana na ya wataalamu kwa asilimia 96.6. Baadaye picha hizo zilitumika kuifundisha kompyuta kutambua wanyama yenyewe.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta malaria kwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Mgonjwa wa Nyakitonto, mkoani humo, ataendelea kupimwa zahanati; hakuna anayepaswa kupewa dawa kwa hesabu ya mchezo. Ila kijana wa Nyakitonto mwenye simu ana macho yaleyale aliyonayo mchezaji wa Madrid, na sababu kubwa zaidi ya kuyatumia. Anachohitaji ni mchezo wa Kiswahili usiomaliza bando. Anastahili pia kutajwa: wachezaji wa mchezo mwingine wa utafiti, Foldit, waliosaidia mwaka 2011 kung'amua umbo la kimeng'enya cha kirusi cha nyani lililowashinda wanasayansi kwa zaidi ya miaka kumi, waliandikwa miongoni mwa waandishi wa makala ya utafiti huo.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na vyuo vya maabara wauanze mchezo huo wa Kiswahili kwa slaidi zilizokwisha hakikiwa, zisizo na majina ya wagonjwa, na wachezaji wa kwanza watoke wilaya za Kasulu na Kibondo.